Nani Kabaki na Mvua? Ororo, Kundi la X-Men na Msomaji wa Singida

Utangulizi

Hadithi za katuni kwetu zina bahati mbaya moja: karibu kila mtu amezisoma, lakini wachache wanakubali kuzihakiki. Mwanafunzi wa fasihi ataweka Kinjeketile juu ya meza na Sani chini ya godoro. Ukimwuliza anasoma nini siku hizi, atakutajia kile cha mezani. Makala haya yanataka kukitoa hadharani hicho cha chini ya godoro, tukikague fani na maudhui yake kama tunavyokagua riwaya au tamthiliya yoyote.

Kitabu chenyewe si cha hapa. Ni mkusanyo wa katuni za Kimarekani uitwao Essential X-Men, juzuu la kwanza, ambao kampuni ya Marvel iliutoa mwaka 1996. Ndani yake mna toleo maalumu la mwaka 1975 liitwalo Giant-Size X-Men namba 1, pamoja na matoleo 26 yaliyofuata, yaani namba 94 mpaka 119. Ndugu msomaji anaweza kuuliza: sasa mambo ya Wamarekani wanaoruka angani yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu, kwa sababu mmoja wa mashujaa hao, mwanamke aitwaye Ororo, anachukuliwa kutoka huku kwetu Afrika Mashariki, na kazi yake kabla ya kuchukuliwa ni kuleta mvua. Mtu wa Singida hawezi kupita juu ya habari kama hiyo kana kwamba hakuiona.

Mimi nilikisoma kitabu hiki Singida, mwezi Januari, mtama ukiwa umeshachipua na mawingu yakipita juu bila kusimama. Vijana wakikutana na katuni hizi wanagombania nani mwenye nguvu zaidi, Wolverine au Colossus. Swali lililonikaa mimi kichwani lilikuwa jingine kabisa. Ororo analeta mvua, anakuja mgeni, anamwita, Ororo anaondoka. Je, pale kijijini nani kabaki na mvua?

Nitajaribu kuonyesha kwamba swali hili dogo ndilo kipimo kizuri cha ubora wa mkusanyo huu. Mwanzo wake unaliruka. Lakini hadithi ilivyoendelea kuandikwa, mwaka baada ya mwaka, ililazimika kulirudia. Kazi inayorudi kulipa deni lake ina thamani, hata kama hailipi lote.

Kundi lilivyozaliwa

X-Men walianza kuchapishwa mwaka 1963. Mtunzi alikuwa Stan Lee, mchoraji Jack Kirby. Kundi la mwanzo lilikuwa la vijana watano wa Kimarekani, wote Wazungu, wanaofundishwa katika shule ya siri na Profesa Charles Xavier, mwalimu anayetembelea kiti cha magurudumu na anayeweza kusoma mawazo ya watu. Vijana hao ni mutanti, yaani watu waliozaliwa na nguvu zisizo za kawaida. Jamii inawaogopa na kuwachukia kwa jinsi walivyozaliwa, nao wameapa kuilinda jamii hiyohiyo. Mwaka 1963 ndio mwaka ambao Wamarekani weusi waliandamana kwa maelfu mjini Washington kudai haki zao. Kwa hiyo wahakiki wengi wamelichukulia kundi hili kuwa ni fumbo la ubaguzi wa rangi. Fumbo lenyewe lilikuwa na kasoro ya wazi: hadithi ya wanaobaguliwa, na ndani yake hamna hata Mweusi mmoja!

Biashara haikwenda vizuri. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1970 mpaka mapema mwaka 1975 jarida la X-Men halikuwa na hadithi mpya. Lilikuwa likirudia za zamani tu. Ndipo mwaka 1975 mtunzi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum walipopewa kazi ya kulifufua. Mbinu yao ilikuwa kukusanya kundi kutoka duniani kote. Katika kisa hicho kundi la kwanza limenaswa katika kisiwa kiitwacho Krakoa, ambacho chenyewe ni kiumbe hai, na Profesa Xavier anazunguka nchi kwa nchi kutafuta wa kuwaokoa. Ujerumani anamtoa Nightcrawler, Kanada Wolverine, Nashville huko Marekani Banshee, mtu wa Ailandi, Japani Sunfire, Urusi ya Kisovieti anamtoa Colossus kwenye shamba la ushirika, kwa Waapachi wa Marekani anamtoa Thunderbird. Na Kenya anamtoa Ororo, ambaye jina lake la vitani litakuwa Storm, yaani tufani.

Tusimame kidogo kwenye mwaka huo wa 1975. Wakati Xavier anazunguka katika karatasi, huku kwetu Tanzania ulikuwa ni wakati wa Operesheni Vijiji. Watu wengi sana, wakiwamo wa Singida, walihamishwa kutoka kwenye maboma yao ya zamani kwenda kwenye vijiji vipya, na mwaka huo ndipo ilipotungwa sheria ya vijiji. Miaka hiyohiyo ukame ulikuwa umepiga, na nchi ikalazimika kununua nafaka nyingi kutoka nje. Sina maana kwamba Len Wein alikuwa akituandika sisi. Pengine hata hakuwa na habari zetu. Ninachosema ni kwamba kuondolewa mtu kijijini kwake kwa jina la kazi kubwa zaidi si jambo la katuni tu. Msomaji wa huku anayajua hayo kwa miguu yake.

Kurasa chache za mvua

Tuje kwenye tukio lenyewe. Wanakijiji wamepigwa na ukame. Wanakuja na sadaka kumwomba mungu wao wa kike. Ororo anatokea, nywele nyeupe ndefu, anainua mikono, anakusanya mawingu na mvua inanyesha. Watu wanafurahi. Mara Xavier huyo hapo! Anamwambia kwamba yeye si mungu bali ni mutanti, na kwamba uwezo alionao una wajibu wake kwa dunia nzima. Anamkaribisha kwenye dunia ambayo huenda ikamwogopa na kumchukia, lakini inamhitaji. Ororo anatafakari kidogo, anakubali. Kurasa chache tu, na mambo yamekwisha.

Hapo, bwana, mhakiki lazima aulize maswali matatu.

La kwanza ni la mahali. Vitabu hivi vinasema Ororo ni wa Kenya, na baadaye vinatuambia aliishi katika mbuga za Serengeti. Serengeti iko Tanzania, si mbali sana na mpaka wa kaskazini wa mkoa wa Singida. Kosa kama hili lingeonekana dogo kama watunzi wangekuwa hivyohivyo kwa kila mtu. Lakini Colossus ana familia, ana dada mdogo, ana shamba la ushirika na trekta. Wanakijiji wa Ororo hawana kabila, hawana lugha, hawana hata jina la kijiji. Ni umati wa kupiga magoti.

La pili ni la jina. Watunzi wanatuambia kwamba Ororo maana yake ni uzuri. Msomaji wa Kiswahili atacheka kidogo, maana kwetu neno hili lipo tayari: ngozi nyororo, kitambaa chororo, yaani laini. Si baya kwa mwanamke mwenye upepo mkononi. Lakini bado linaonyesha namna Afrika ilivyokuwa ghala la sauti tamu za kuokota, bila mtu kuuliza wenyewe wanasema nini.

La tatu ndilo lile kubwa. Xavier anamwambia Ororo kuhusu wajibu. Je, kunyeshea mashamba ya watu wenye njaa haukuwa wajibu? Katika hesabu ya kitabu, kuokoa Wazungu waliokwama kisiwani ni kazi ya dunia, na kuokoa mtama wa wanakijiji ni ushirikina. Dunia, kumbe, ina anuani, na sisi hatukai kwenye anuani hiyo. Mtunzi huenda hakukusudia kusema hivyo, lakini ndivyo picha zake zinavyosema.

Mvua ya Ihanzu

Ili kuona kilichokosekana pale, hatuna haja ya kubuni chochote. Twende Ihanzu, kaskazini mwa mkoa wa Singida, katika eneo ambalo sasa ni wilaya ya Mkalama. Singida ni nchi kavu: mvua yake ni takriban milimita 500 mpaka 800 kwa mwaka, nayo inakuja msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi. Ikichelewa wiki tatu, uwele na mtama vinakuwa kwenye hatari. Ikikatika katikati ya msimu, ni njaa. Ndiyo maana mvua kwa Wanyihanzu ilikuwa jambo la utawala, la dini na la uchumi kwa pamoja.

Mtafiti Todd Sanders, ambaye alikaa Ihanzu katika miaka ya 1990 na kuchapisha kitabu juu ya mvua yao mwaka 2008, ameeleza kwamba kazi ya mvua ilikuwa mikononi mwa ukoo wa Anyampanda, na kitovu chake ni kijiji cha Kirumi. Jambo la kuangaliwa ni hili: wenye mvua ni wawili, mwanamume na mwanamke. Mmoja peke yake hawezi. Mvua inapatikana pale sehemu ya kiume na sehemu ya kike zinapoungana, na uhusiano huo unaonekana katika matambiko mengi ya Ihanzu. Na wawili hao nao hawafanyi kazi hewani. Nyuma yao kuna mizimu, kuna wanawake wanaocheza ngoma za mvua, kuna watu wa vijiji vingine wanaotoa nafaka zao. Aliyekaa nyumbani asitoe kitu anaweza kulaumiwa mvua isiponyesha.

Sasa mlinganishe Ororo na hao. Ororo mvua yake imo mwilini mwake, kama kucha za Wolverine zilivyo mkononi mwake. Kwa sababu imo mwilini, anaweza kubebwa nayo mpaka New York. Mvua ya Ihanzu huwezi kuibeba. Ukimchukua mwanamke umemwacha mwanamume. Ukiwachukua wote wawili umeacha Kirumi, umeacha wafu waliozikwa pale, umeacha nafaka za watu. Mvua hiyo ni mali ya kundi. Ndipo tunapoona kinaya kikubwa cha kitabu hiki: Xavier anakwenda kijijini kumtoa mtu ili akaunde kundi, wakati, kwa jicho la Mnyihanzu, kundi lilikuwa limeshakaa pale pale kijijini na yeye hakuliona.

Historia pia inatuambia kwamba kundi la namna hiyo haliondolewi kirahisi. Wajerumani walijenga boma lao Mkalama, wakaingiza kodi na amri zao. Waingereza wakawageuza wenye mvua kuwa machifu wa serikali. Kisha mwaka 1963, mwaka uleule X-Men walipozaliwa na mwaka uleule Singida ilipokuwa mkoa, Tanganyika iliyokuwa huru ilifuta utawala wa machifu. Kwenye karatasi za ofisi mambo yaliishia hapo. Lakini Sanders aliyakuta matambiko ya mvua yakiendelea zaidi ya miaka 30 baadaye. Cheo kilifutwa, mvua ikaendelea kuhitajika.

Na kama ni shujaa wa kike tunayemtafuta, Singida inaye wa kwake. Wanyaturu wanamsimulia Liti, mwanamke aliyewaongoza watu wake dhidi ya Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na masimulizi yanasema silaha yake kubwa ilikuwa nyuki. Leo uwanja wa mpira wa mjini Singida unaitwa kwa jina lake. Mtu anaweza kubisha habari ya nyuki. Singida ni nchi ya asali, na nani hajui nyuki wakichokozwa wanavyofanya? Mimi naona maana yake iko hapa: hata nguvu ya ajabu ya Liti ni kundi. Nyuki mmoja si silaha. Tena Liti hakuitwa na mtu kwenda kuokoa dunia. Alisimama pale pale alipozaliwa.

Shujaa mmoja na kisima

Fasihi ya Kiswahili imeshalifikiria jambo hili siku nyingi. Tumchukue Fumo Liyongo, ambaye ndiye karibu zaidi na hao tunaowaita mastelingi. Liyongo anaogopwa na mtawala, hauawi na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo inatolewa na mwanawe mwenyewe. Anapochomwa anakwenda kisimani, anapiga goti, anavuta upinde wake na kufia pale katika hali hiyo. Watu wanaogopa kumkaribia. Siku zinapita, hamna anayeweza kuteka maji. Ni picha nzito sana: shujaa wa peke yake, kwa ukubwa wake, amewafungia watu wake maji. Inabidi waende wakamlilie mama yake aje awasaidie.

Au tuchukue Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, tamthiliya iliyotoka mwaka 1969. Hapo pia kuna mtu mmoja aliyepewa nguvu, na hapo pia nguvu yenyewe ni maji. Msiba wa Kinjeketile ni kwamba watu wanayaamini maji kuliko wanavyoamini umoja ambao maji hayo yaliwaletea. Hussein anajua kwamba kilichowatisha Wajerumani ni makabila yaliyosimama pamoja. Maji yalikuwa ni njia tu. Ororo wa mwaka 1975 yuko kwenye mgogoro huohuo, tofauti ni kwamba maji yake yeye yanafanya kazi kweli. Na kwa sababu yanafanya kazi, mtunzi haoni haja ya kuuliza habari ya umoja.

Fani ya mkusanyo

Pamoja na hayo, tutakuwa hatumtendei haki mtunzi tukiishia kwenye kurasa hizo chache. Baada ya toleo lile la kwanza kalamu ilikwenda kwa Chris Claremont, na yeye ndiye aliyeandika hadithi zote zilizobaki katika juzuu hili. Uwezo wa Claremont ni kwamba halali bila kumwuliza mhusika wake ametoka wapi.

Katika namba 102, ya mwaka 1976, tunapewa historia ya Ororo. Mama yake, N'Daré, alikuwa binti wa kifalme kutoka Kenya; baba yake, David Munroe, mpiga picha wa magazeti, Mmarekani mweusi. Wote wawili wanauawa Cairo katika vita vya Suez vya mwaka 1956, ndege inapoangukia nyumba yao. Mtoto anafunikwa na kifusi pamoja na maiti ya mama yake. Tangu hapo hawezi kuvumilia mahali pembamba. Mungu wa anga anaogopa chumba kidogo. Huyo si sanamu tena, ni mtu. Habari ya ufalme naona haikuwa ya lazima. Jamii nyingi za Kenya hazikuwa na wafalme, lakini Mmarekani akitaka kumheshimu Mwafrika lazima kwanza amvike taji.

Namba 117, ya mwaka 1979, ina mzaha mtamu. Xavier akiwa kijana anapita Cairo, na mtoto mmoja wa mitaani mwenye nywele nyeupe anamwibia pochi. Mtoto huyo ni Ororo. Mtunzi ameuweka kama mkutano wa kudra. Mimi nilicheka kwa sababu nyingine: binti alimwibia mzee pochi, na miaka ilipopita mzee akaja kuwaibia watu wa binti mvua yao. Wakitaka kwenda sawa, nani amdai mwenzake?

Uchoraji nao una mengi ya kusemwa. Cockrum anachora mavazi na uso. John Byrne, aliyeingia kuanzia namba 108, anachora mwendo na nafasi, na wahusika wake wanaonekana wanapumua. Juzuu hili limechapwa kwa wino mweusi tu kwenye karatasi ya bei ya chini, wakati matoleo ya awali yalikuwa na rangi. Wengine wanalalamikia hilo. Mimi naona lina faida mbili. Kwanza, kitabu kinene kinakuwa cha bei nafuu, nacho kinaweza kupita mikono mingi. Pili, macho ya buluu ya Ororo yanapotea. Katika rangi tunakumbushwa kila ukurasa kwamba mwanamke mweusi huyu ni tofauti na wenzake weusi. Bila rangi anabaki na nywele zake nyeupe, kama bibi yeyote wa kwetu.

Kwa upande wa muundo, sifa kubwa ya mkusanyo ni kundi lenyewe. Katika hadithi za Willy Gamba, kwa mfano Kikosi cha Kisasi cha Elvis Musiba, kikosi kipo, lakini msomaji anajua kabisa stelingi ni mmoja na stelingi hafi. X-Men hawana mkataba huo. Thunderbird anakufa katika namba 95, kundi likiwa ndio kwanza limeanza. Sunfire anaondoka mapema kwa sababu hapendi. Walio na nguvu wanashindwa, na pale wote wanapofungwa na Magneto, anayejaribu kuwafungua ni Ororo, si kwa radi bali kwa ule ufundi wa kufungua kufuli aliojifunza akiwa kibaka Cairo. Hilo ni funzo zuri: kilichomfaa siku ile ni kile alichojifunza kwa shida, si kile alichozaliwa nacho.

Kurudi kwa Ororo

Mkusanyo unaishia namba 119. Lakini mhakiki wa historia hawezi kuishia hapo, maana deni la mwaka 1975 lilikuwa halijalipwa. Lilianza kulipwa katikati ya miaka ya 1980, wakati njaa ya Ethiopia ilipoishtua dunia. Mwaka 1985 Marvel ilitoa toleo la pekee liitwalo Heroes for Hope, X-Men wakiwa ndani yake, ambalo mapato yake yalikusudiwa kusaidia wenye njaa Afrika. Waandishi na wachoraji wengi walichangia, akiwamo Stephen King. Nia ilikuwa njema. Tatizo la kifasihi lilikuwa palepale: njaa haina uso wa kupigwa ngumi.

Mwaka huohuo Claremont na mchoraji Barry Windsor-Smith walitoa namba 198, na mimi naiona kuwa mojawapo ya hadithi bora za Ororo. Hapa amepoteza nguvu zake. Anarudi Afrika kwa miguu, hana radi, hana upepo. Anakutana na mwanamke mjamzito, anamsindikiza mpaka kijijini kwao, anasaidia katika kujifungua kwake. Ni kijiji cha nchi kavu, na mzee wao anamweleza kwamba ardhi inalisha idadi fulani tu ya watu. Mtoto amezaliwa, basi mzee anachagua kufa ili mtoto apate nafasi. Ororo anapinga, analia, halafu anaelewa.

Angalia mabadiliko. Mwaka 1975 kijiji kilikuwa umati wa kupiga magoti; mwaka 1985 kijiji kina mzee anayefikiri na mama anayezaa. Mwaka 1975 Ororo alitoa mvua bila kujua jina la mtu. Mwaka 1985 hana mvua, na ndio mara ya kwanza tunamwona akitoa jasho pamoja na watu. Swali la nani kabaki na mvua limejibiwa kwa namna fulani: wamebaki wenyewe, na wana utaratibu wao.

Hata hivyo jibu hilo nalo lina kasoro. Mtunzi ameona kijiji kimoja kikiwa peke yake jangwani, kinahesabu vinywa. Singida haifanyi hivyo. Njaa ikiingia, watu wanakwenda kuhemea. Mtu anabeba alichonacho, anakwenda kwa ndugu, kwa mashemeji, kwa watani, mpaka mikoa mingine, anarudi na debe la nafaka. Mifugo iliyotawanywa kwa marafiki wa mbali inasaidia wakati wa dhiki. Mzee wetu hafi ili mtoto ale. Mzee wetu ndiye anayejua nyumba gani, katika nchi gani, inatudai au tunaidai wema. Ndiyo maana anatunzwa. Claremont aliitambua hekima ya mzee, lakini akampa kazi ya kufa badala ya kazi ya kukumbuka.

Kufaulu na kutofaulu

Kwa ufupi, kimaudhui mkusanyo huu unafaulu pale unapoonyesha kwamba waliokataliwa wanaweza kuunganisha nguvu bila kufanana, na kwamba kundi linajengwa kwa kukosana na kurudiana. Unafaulu pia kwa kumpa mwanamke wa Kiafrika nafasi ambayo vitabu vingi vya wakati ule havikumpa. Baadaye ataliongoza kundi zima, na mwanzoni mwa mwaka 1986, bado bila nguvu zake, atamshinda Cyclops katika kugombea uongozi huo. Unashindwa pale unapodhani kwamba Afrika ni mahali pa kutolewa mashujaa, na si mahali penye makundi yake.

Kifani unafaulu katika uchoraji, katika kujenga wahusika hatua kwa hatua, na katika uvumilivu wa kurudia jeraha la zamani. Unashindwa katika maneno: Claremont anaeleza kila kitu mara mbili, picha imeshasema na bado kibandiko cha maneno kinarudia. Mchoraji mzuri wa Sani asingehitaji hata robo ya maneno yale.

Hitimisho

Tangu mwaka 2000 Ororo amekuwa kwenye sinema, na vijana wengi wa kwetu wanamjua kwa sura ya Halle Berry kuliko kwa karatasi. Si vibaya. Ushauri wangu ni kwamba kitabu kisomwe, tena kisomwe na watu wa vyuo, kwa jicho lilelile tunalomsomea Kinjeketile. Na wachora katuni wetu, ambao uwezo wanao, wakitaka kundi la mashujaa wasiende mbali. Waende Kirumi wakamwone mwanamume na mwanamke ambao hakuna mmoja wao anayeweza kitu peke yake. Wamchore Liti na mzinga wake. Wamchore mama anayetoka kuhemea alfajiri, debe kichwani.

Januari ile mvua ilinyesha siku ya 19, usiku. Asubuhi hamna mtu aliyeuliza nani kaileta. Kila mtu alichukua jembe lake.